Tukipewa CD moja tu ya waimbaji wetu wa kike, tangu Siti mpaka Zuchu, nani aingie?

#1 Mwana wa Ngamiani

Wakuu, habari za Jumapili. Naomba tukae kitako kwenye jambo hili, maana linanikereketa tangu Idi.

Mama yangu ana sanduku la kanda. Nyingi ni za kudabu: enzi hizo ulikuwa unapeleka kanda tupu dukani, unataja nyimbo uzitakazo, kesho yake jioni unaifuata. Juu ya kasha mwenye duka aliandika "Taarab Na. 7", au "Mchanganyiko", akijitahidi sana aliandika jina la kikundi. Jina la mwanamke anayeimba halimo. Nimeanza kuzihamishia kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza, na kila nikifika mahali pa kuandika jina la mwimbaji nakwama. Sauti naijua toka utotoni, nimelelewa nayo, ila siwezi kuiita.

Ndiyo nikawaza: tukiambiwa tukusanye CD moja ya sauti za wanawake wanaoimba kwa Kiswahili, na juu yake liandikwe jina la mwimbaji kwanza, kisha kikundi, kisha mtunzi wa shairi, tungeweka nani? CD inabeba dakika 80. Hilo likumbukwe, maana ndilo litakalotuumiza.

Mimi naanza na wawili ambao sitaki mtu aniguse.

Siti binti Saad. Mwezi Machi 1928 alipanda meli na wenzake hadi Bombay kuimbia kampuni ya HMV. Mtoto wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu vya mama yake, akatoa santuri za taarab kwa Kiswahili wakati masikio ya wakubwa yalizoea Kiarabu. Ilipofika 1931 santuri zile zilikwishauzwa zaidi ya 70,000. Huyo ni wimbo wa kwanza, hakuna mjadala.

Wa pili ni Shakila Saidi, Bi Shakila wetu, mtoto wa Pangani. Black Star ya Tanga ilipoacha kundi zito la fidla kama la Unguja na kushika gitaa la umeme, besi na bongo, ile nafasi iliyobaki wazi katikati ya vyombo ilijazwa na sauti yake. Mimi nachagua "Macho Yanacheka". Alifariki 2016, na siku ile mama hakupika.

Karibuni.

#2 Bint Mvita

Asalaam aleikum. Uzi mzuri, lakini naona mwaanza Unguja, mwaenda Tanga, na Mombasa mwaipita kama basi la usiku. Zuhura Swaleh yuko wapi? Harusi gani ya Mji wa Kale ilikwisha bila Zuhura? Yeye ndiye aliyeitoa chakacha kwenye ua wa wanawake akaitia ndani ya taarab, na ile tashkota ikipigwa nyuma yake hata bibi mwenye magoti mabovu husimama. Kwa wasioijua: ni kinanda kidogo cha nyuzi chenye vitufe kama vya taipureta, asili yake Japani, watu wa pwani wakakifanya chao.

Na msimsahau Malika, Asha Abdo. Wimbo wake "Vidonge" katika miaka ya tisini ulivuka mipaka yote. Nilikuwa shule ya msingi, na walimu wenyewe walikuwa wakijibizana kwa maneno yake ofisini.

#3 Mzee wa Kanda

Vijana, poleni na majukumu. Nimefurahi kuona mtu anataja mtunzi wa shairi, maana hapo ndipo hesabu huharibika kila siku.

Nawapa tahadhari moja ya kifundi. Santuri ya Siti ni ile nzito ya mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja hauzidi dakika tatu na kitu. Kwa hiyo tunachokisikia leo ni wimbo uliokatwa uenee kwenye sahani. Barazani Siti na wenziwe, akina Subeti, Buda, Mbaruk, walikuwa wanauendesha wimbo mpaka msikilizaji atosheke. Ukija miaka ya tisini, wimbo mmoja wa taarab ya kisasa unakwenda dakika 12, hata 15. Sasa wewe na dakika zako 80, ukiweka nyimbo sita za aina hiyo umekwisha. Na ukikata unamnyima mwimbaji pale anapopandia. Mimi nasema afadhali nyimbo chache kamili kuliko nyingi zilizochinjwa.

#4 Mwana wa Ngamiani

Shikamoo mzee. Hapo umenigusa. Nilikuwa nimeanza kukata utangulizi wa vyombo ili nipate nafasi. Narudisha.

#5 Kaka wa Ilala

Mimi sikubali taarab ile ya mipasho iingie. Samahani wakuu, nasema kwa moyo mweupe. Taarab ni ushairi: vina, mizani, fumbo. Ilipofika ile vita ya vikundi viwili, TOT na Muungano, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, fumbo likafa, watu wakaanza kutukanana kwa kipaza sauti. Tukitengeneza kitu cha kuwaachia wajukuu, tuwape kilicho safi.

#6 Mama Tausi

Kaka wa Ilala, nakuheshimu ila hapa sikuachi upite.

Nilikuwa naenda kwenye maonyesho ya TOT na ya Muungano, yote mawili, kwa miguu yangu, na khanga yangu mpya. Wewe ulikuwa unasikiliza redioni tu. Ngoja nikueleze lililokuwa linatokea pale. Mwimbaji anafika kwenye ubeti. Mwanamke anainuka kwenye kiti, ana noti mkononi, anacheza taratibu mpaka mbele, anaishika juu ile noti kabla ya kumpa mwimbaji, na macho yake yanamtafuta mtu fulani ukumbini. Mke mwenzie, au jirani aliyemsingizia, au wifi. Hakusema neno. Ubeti umemsemea. Akirudi kukaa, kifua chake kimepoa. Mwanamke ambaye nyumbani haruhusiwi kuinua sauti, alipata mahali pa kusema, na hakuna aliyeweza kumshitaki maana alituza tu wimbo.

Unasema fumbo lilikufa. Fumbo lilikuwa ndani ya kile kitendo chenyewe!

Halafu jambo hili halikuanza miaka ya tisini. Waulize wazee wa Unguja habari za vikundi vya kina mama kama Nuru el Uyun na Royal Navy, zamani kabisa kabla ya Mapinduzi. Walishindana kwa sare, kwa shela, na kwa nyimbo za kuchomana. Siti mwenyewe alisimangwa kwamba ametoka shamba na kaniki, kwamba lau si sauti angekula nini, naye akajibu kwa wimbo kuwa uzuri wa sura na ukoo si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Huo kama si mpasho, ni nini?

Khadija Kopa aingie. Na Nasma aingie, wakae pamoja, maana hakuna aliyekuwa mkubwa bila mwenzake.

#7 Bint Mvita

Mama Tausi, Mungu akuweke. Nimesoma nikasisimka.

#8 Mchota Maji

Naunga mkono #6 mwanzo mwisho.

#9 Kaka wa Ilala

Mama, shikamoo. Hilo la kutuza sikuwahi kulitazama kwa jicho hilo. Bado naona kuna nyimbo zilivuka mpaka, lakini nakubali Kopa na Nasma waingie. Ila tuchague zenye ubeti uliokaa sawasawa.

#10 Mzee wa Kanda

Tukimweka Siti, nashauri uwe wimbo wa "Kijiti". Wengi wanaijua "Muhogo wa Jang'ombe" kwa sababu Bi Kidude aliiimba hadi uzeeni, na ni haki yake kuimiliki masikioni mwetu. Lakini "Kijiti" ni kesi. Mwanamke mgeni alikuja Unguja kutembea, akatolewa matembezini na mwanamume aitwaye Kijiti, akanajisiwa na kuuawa. Muuaji akatorokea bara. Walioishia kufungwa ni wanawake waliosimama mahakamani kutoa ushahidi. Siti akaliimba lile, likawekwa kwenye santuri, likapigwa kila barazani. Serikali ya wakati ule haikumtendea haki yule marehemu, na wimbo ndio uliobaki kuwa kumbukumbu yake hapa duniani. Mkiweka wimbo wa mapenzi mkaacha huo mtakuwa mmemfanya Siti kuwa pambo la harusi.

#11 Mwana wa Ngamiani

Nimeandika: Siti, "Kijiti". Bi Kidude, "Muhogo wa Jang'ombe". Ile ya Kidude natafuta aliyoimba akipigiwa kundi dogo, maana akizungukwa na vyombo vingi ule mkwaruzo wa sauti yake unafunikwa. Bibi alikuwa anaimba bila kipaza sauti ukumbi mzima unasikia. Aliondoka Aprili 2013, na mpaka leo watu wanabishana juu ya umri wake kuliko wanavyozungumza juu ya pumzi yake. Inaniuma.

#12 DJ Makorora

Wakuu, mbona tunazungumza kama wanawake waliimba taarab peke yake? Muziki wa dansi je?

#13 Mzee wa Kanda

Swali zuri, na jibu lake linasikitisha. Bendi za dansi zilijaa wanaume mbele na nyuma. Wanawake wengi waliwekwa kwenye unenguaji. Ndiyo maana Kida Waziri anapaswa kuingia kwenye CD hii bila kuombewa. Alisimama Vijana Jazz ubavuni mwa Hemedi Maneti, tena kama mwenye wimbo, maana walipokezana mistari sawa kwa sawa. Miaka ya themanini ukimsikia mwanamke kwenye dansi redioni, mara nyingi alikuwa ni yeye.

Niongeze kitu kwa vijana. Nyimbo nyingi za wakati ule hazikuwahi kuwa santuri. Bara hatukuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri, tukategemea Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, mpaka 1983, njia ikazibika. Iliyobaki ni studio ya Radio Tanzania: unarekodi, wimbo unakaa kwenye utepe wa redio, unapigwa hewani, basi. Kwa hiyo waimbaji wetu wa miaka ile sauti zao zimo kwenye maktaba ambayo sasa ni ya TBC, na kwenye masanduku ya akina mama kama wa mleta uzi, waliorekodi wimbo toka redioni kwa kuweka kinasa sauti mbele ya spika na kuwanyamazisha watoto.

#14 Mwana wa Ngamiani

Mzee, kanda mbili za mama zina jogoo anawika katikati ya wimbo. Sasa naelewa.

#15 DJ Makorora

Tukija huku kwetu: Lady Jaydee lazima. Kabla ya "Machozi", dada akishika kipaza sauti kwenye Bongo Fleva alikuwa anaitiwa kiitikio tu, rapa anamaliza yake, dada anaimba mistari minne anaondoka. Jaydee alitoa albamu nzima yenye jina lake juu. Ray C naye, ile sauti ya kunong'ona, nani aliimba vile kabla yake?

Na Saida Karoli! Mwaka 2001 hakukuwa na daladala isiyopiga "Maria Salome". Watu wa Mtwara, watu wa Kigoma, wote wanaimba Kihaya bila kujua wanasema nini.

#16 Bint Mvita

Saida nampenda, lakini sharti la mleta uzi ni Kiswahili. Wimbo ni wa Kihaya.

#17 DJ Makorora

Dada, "chambua kama karanga" si Kiswahili?

#18 Bint Mvita

Ni Kiswahili, maneno matatu. Ubeti ni Kihaya. Tukifungua mlango huo nitamleta Miriam Makeba na "Malaika". Yeye aliimba Kiswahili kitupu toka mwanzo hadi mwisho, akakifikisha Marekani, mpaka kwenye ile albamu aliyofanya na Harry Belafonte 1965. Na Mbilia Bel aliimba habari za Nairobi kwa Kilingala, kila mtu Nairobi akaona ni wimbo wake. Sharti ni sharti.

#19 Mwana wa Ngamiani

Nimekaa na hili tangu jana. Naamua hivi, mnisamehe. Saida anaingia. Sababu yangu: lengo la CD ni jina la mwanamke lisidondoke. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny walipotoa "Salome", wadogo zangu waliimba wiki tatu kabla ya kujua kwamba kuna dada wa Bukoba aliyeuimba wimbo ule miaka 15 nyuma. Walipousikia ule wa kwanza walikaa kimya. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka CD hii ifanye. Makeba namwacha kwa sababu jina lake haliko hatarini popote duniani.

#20 Bint Mvita

Haya. Sikubaliani ila nimekuelewa. Basi kwa haki nipeni Nyota Ndogo, "Watu na Viatu". Msichana aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani Mombasa, akaja kuimba Kiswahili cha mtaani kisicho na mapambo.

#21 Mwana wa Ngamiani

Umepewa.

#22 Mswahili wa Maskati

Nawasalimu kutoka Oman. Huku harusi zetu bado zinapigwa nyimbo hizi hizi, bibi zetu waliondoka Unguja na nyimbo kichwani. Naomba mumkumbuke Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad. Mwaka 2020 ilitoka albamu yake, nyimbo za bibi yake mkubwa zimevikwa vyombo vya leo. Mama yangu ana miaka 81. Nilimpigia, akauliza, "Huyu ni nani anayemfuata Siti hivi?" Nikamwambia damu yake. Akataka nirudie mara nne.

#23 Mama Tausi

Na kama kuna nafasi, kundi la Tausi la Unguja, lile la Bi Mariam Hamdani, ambalo wanawake ndio wanaopiga kanuni, fidla na udi wenyewe. Miaka yote tumesikia sauti ya mwanamke na vidole vya mwanamume. Watoto wa kike wasikie pia vidole vyao. (Jina langu hapa jukwaani nimelitoa huko, sifichi.)

#24 Mchunguzi wa Haki

Nimefuatilia kimya kimya, sasa nizungumze kuhusu ruhusa, kwa sababu naona mleta uzi anaelekea kuifanya kweli.

Kukusanya kwenye flashi kwa ajili ya mama yako hakuna atakayekufuata. Ukiuza, au ukiweka mtandaoni, ni jambo jingine. Wimbo mmoja una milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa aliyetunga shairi na muziki: kwa sheria ya Bara ya mwaka 1999 haki yake inaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo warithi wanahusika. Mlango wa pili ni wa mwenye rekodi: redio, kikundi, au kampuni ya kanda. Bara unakwenda COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, ni ofisi mbili tofauti za hakimiliki. Kenya nako wana yao. CD yako ina Unguja, Tanga, Dar, Mombasa na Bukoba, hesabu mwenyewe milango.

Tatizo kubwa ni lile lile ulilolianzisha. Huwezi kumlipa mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Kasha likisema "Taarab Na. 7", pesa hata zikipatikana zinakwenda kwa nani? Nimewahi kumwona mama mmoja, mwimbaji wa zamani, wimbo wake unapigwa kwenye tangazo, hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba sauti ile ni yake. Alichokuwa nacho ni koo. Aliuimba pale pale ofisini mbele yetu, na sote tukajua ni yeye. Karani akasema hilo si kielelezo.

#25 Mzee wa Kanda

Inaumiza. Ndiyo maana nasema andikeni majina sasa, wakati bado wapo watu wanaozitambua sauti.

#26 Mwana wa Ngamiani

Wakuu, narudi baada ya siku tisa. Nimeamua kuuza sitauza. Nitaifanya ya nyumbani kwanza, na majina nitayabandika hapa kila nikithibitisha moja, ili mwenye kujua zaidi anisahihishe.

Mpangilio umekuwa hivi kwa sasa: "Kijiti" ya Siti inafungua, ikifuatwa na Bi Kidude. Kisha Shakila na Black Star, Zuhura na tashkota yake, Kida Waziri na Vijana Jazz. Malika. Halafu Kopa na Nasma mfululizo kama Mama Tausi alivyoagiza, sikukata hata sekunde, na hao wawili wamekula dakika nyingi mno. Saida, Jaydee, Ray C, Nyota Ndogo. Siti Muharam, Tausi. Inamalizia "Mauzauza" ya mwaka 2020, Zuchu na mama yake Khadija Kopa kwenye wimbo mmoja. Sikutaka mwanzoni, niliona ni ya juzi mno. Ila ukiisikiliza baada ya zile nyingine zote, Kopa anapoingia unajua yule binti alikuwa amelala chini ya jukwaa gani akiwa mchanga. Jumla ni zaidi ya dakika 80. Nimezifanya CD mbili, mnisute mkitaka.

La mwisho. Ile kanda ya "Taarab Na. 7" ina wimbo wa tatu upande wa pili, sauti nzuri sana, hatukuijua. Jana nilimpelekea mama spika jikoni, alikuwa anakuna nazi. Uliposhika ubeti wa pili aliacha kukuna. Akasema, "Sikiliza anavyoivuta hiyo 'wangu'. Huyo ni Shakila, bado msichana." Nikamuuliza ana hakika? Akaimba ubeti wa tatu kabla haujafika, na akavuta pale pale.

Nimechukua kalamu nikaandika juu ya kasha: Shakila Saidi. Nikaacha nafasi chini yake ya jina la mtunzi. Mwenye kulijua aniandikie.

#27 Mzee wa Kanda

Niwekee huo wimbo nisikilize usiku. Nadhani mtunzi namfahamu, ila nataka kusikia kwanza kina cha mwisho.